Aliyenisemea Kiwandani

Najua utasema ni ukungu ulinichezea macho. Sema tu. Mimi niliishia darasa la nane, na sijui kupamba maneno. Nitaandika jambo hili vile lilivyonipata, na majirani zangu hapa karibu na Kabianga wameona lilivyoniacha.

Mwaka wa tisini na sita kiwanda kimoja cha chai kilichukua vijana wachache wajifunze kazi. Mimi niliwekwa kwenye vitanda vya kunyaushia majani. Ni vitanda virefu vya wavu, feni inapuliza kutoka chini, nawe unageuza majani mabichi mpaka yalegee. Nikaijua kazi kwa mkono: ukifinya konzi ya majani na yakabaki donge bila kuvunjika, yako tayari. Hata Mzee Tonui, msimamizi wetu, alianza kuniita niwapimie wenzangu majani yao.

Ijumaa tuliyomaliza akaniambia, "Wewe kijana, nafasi ni moja. Jumatatu ingia kwa meneja umwambie unachojua."

"Mzee, si wewe umwambie?"

"Mimi? Kwani mdomo nimekushikia?"

Mama Kerubo, aliyefagia pale, akacheka mpaka akaegemea ufagio. "Huyu aongee na meneja? Huyu hata chai ikimuunguza hasemi 'uwi'!"

Walicheka wote. Mimi nilitazama viatu vyangu. Kwetu kijana hajisifu. Ukienda kuomba jambo kubwa, kama mchumba, unatanguliza mtu wa kukusemea, nawe unanyamaza. Lakini baba yangu alikuwa amefariki, na mama alikuwa akichuma chai ya watu na mgongo wake unamuuma. Nafasi ile ilikuwa yetu sote wawili. Ningemtanguliza nani?

Jioni hiyo nikashika njia ya katikati ya chai. Ukungu ulikuwa umeshuka mapema. Kwenye kona nikamkuta kijana ameketi juu ya kikapu cha kuchumia, amevaa overoli ya kiwanda.

"Chamge, bakule," akanisalimu.

Bakule ni neno tunaloitana tulioingia jandoni pamoja. Sikumkumbuka. Lakini ningemuulizaje jina mtu wa rika langu? Niliona haya.

"Umemaliza kujifunza?"

"Nimemaliza."

"Na nani atakusemea?"

"Sina mtu."

"Basi nitakusemea mimi. Niambie unachojua."

Niamini, sijawahi kuongea vile maishani. Nilimweleza majani ya mvua na majani ya jua, feni, joto, donge la mkononi. Yeye alirudia kila neno, na kila aliporudia, sauti yake ilizidi kufanana na yangu. Je, sikuogopa? Niliogopa. Lakini ilikuwa raha kusikia mambo yangu yakisemwa bila kutetemeka.

"Nipe mkono," akasema. "Sema umenipa mdomo wako."

Nikasema. Mkono wake ulikuwa baridi, na umelegea kama majani yaliyokwisha kunyauka. Nilipoufinya, alama za vidole vyangu zilibaki pale pale. Nikakimbia mpaka nyumbani.

Jumatatu nilifika getini asubuhi. Askari akakunja uso.

"Wewe umetokea wapi tena? Si umeingia sasa hivi? Tena umenisalimu vizuri, nikasema leo huyu mtoto amekula nini!"

Nilitazama dirisha la ofisi. Ndani nilijiona mimi. Nilikuwa nimesimama wima mbele ya meneja, naongea, na Mzee Tonui anatabasamu. Meneja akampa mkono. Yule akageuka, akanitazama kwa uso wangu mwenyewe, uso usio na haya hata kidogo.

Nilifungua mdomo nipige kelele kwamba mimi ndimi. Ilitoka hewa tu. Askari alidhani nina wazimu, akanifukuza.

Mpaka leo ninanong'ona tu. Nimekwenda viwanda vingine mpaka kule Bomet, na kila mahali wananiuliza, "Si wewe uko kazini kule?" Nani atamwajiri mtu aliye na kazi? Mama ananiamini, maana yule hajawahi kukanyaga kwetu. Wafanyakazi wenyewe wanasema zamu ikiisha hawajui analala wapi. Mama bado anachuma chai ya watu, na sasa mimi namfuata nyuma na kikapu.

Wewe unayemaliza kujifunza kazi, siku hiyo hiyo, kabla hujavua overoli, ingia ofisini kwa miguu yako useme unachojua. Tetemeka, lakini sema. Na usiyemjua akikuita bakule njiani, muulize jina lake na la baba yake.

Nasikia kuna vijana wengine wanaomaliza pale mwezi huu. Yule ndiye anayewafundisha, na wanasema anawapenda zaidi wale wanyamavu.