Protini ya Daktari Mwende

Siku yangu ya kwanza kazini nilisimama mlangoni mpaka Daktari Mwende akaniuliza kama mimi ndiye mtunza mashine mpya. Nilikuwa kijana mwenye haya, nimetoka Waithaka na cheti cha darasa la nane. Chumba chenyewe, katika kituo cha utafiti wa mifugo kule Parklands, kilikuwa na kompyuta zilizopangwa kwenye rafu kama mikate, zote zikivuma. Kazi yangu ilikuwa kuzitunza: kupangusa vumbi, kuangalia kipoza hewa, kuwasha jenereta stima ikipotea.

"Zikinyamaza, niite," alisema. "Zikipiga kelele kuliko hivi, niite pia. Katikati ya hapo, tulia. Lakini chai unywe nje."

Wakati ule, miaka ya elfu mbili, hesabu moja iliweza kuchukua wiki nzima. Protini ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, na kila kipande huandikwa kwa herufi yake. Kompyuta zilichukua herufi za protini ngeni na kuzilinganisha na za protini ambazo kazi zake zimekwisha kujulikana. Zikifanana sana, unakisia kwamba kazi yao ni moja. Protini zetu zilitoka kwa kijidudu cha ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe unaomaliza ng'ombe. Nyingi ziliandikiwa "kazi haijulikani", zikaachwa hapo. Kulikuwa na moja ambayo Daktari Mwende hakukubali kuiacha. Ndigana ndiyo iliyomaliza zizi la baba yake huko Mwala.

Siku moja aliona rozari ikining'inia mfukoni mwangu, akaiomba.

"Usiogope, siikati. Naikunja tu."

Aliikunja kiganjani mpaka shanga zilizokuwa mbali zikagusana. Protini nayo, akanieleza, hujikunja hivyo, na pale herufi zinapokutana ndipo kazi inapofanyika. Ukiisoma kwa mstari, protini yake haikufanana na yoyote. Lakini kompyuta zilipokisia mkunjo wake, herufi tatu zilikutana vilevile kama katika protini zinazokata nyingine. Alisema huo ni mkasi, na kwamba huenda ukiuzuia, kijidudu kinakosa nguvu.

Mkuu wa Idara, mzee mpole wa Spring Valley aliyevaa tai hata Jumamosi, hakushawishika. Kuipima protini ile maabara kulikuwa ghali na mradi ulikuwa ukingoni. Kama angekataa, protini ile ingebaki haijulikani, na hakuna mwingine ambaye angeigusa tena.

"Daktari, hizo kompyuta zako zinakisia tu."

"Na wewe ukimwangalia ng'ombe macho, ukasema ana homa, huwa unafanya nini?"

Mkuu alikuwa daktari wa mifugo. Alicheka mpaka akafuta miwani, kisha akaruhusu protini hiyo moja ipimwe.

Tulingoja. Feni ikiharibika nilitumwa mjini, barabara ya Luthuli, kutafuta nyingine, na nikirudi nilimkuta ameinamisha kichwa kando ya rafu, akisikiliza. "Hii ya chini inakohoa, Njoroge," angesema, kana kwamba ni mtoto wetu. Sijapata tena kukaa na mtu kimya namna ile.

Mradi uliisha kabla ya majibu kutoka. Kompyuta ziliuzwa, mimi nikahamishiwa bohari, Daktari Mwende akarudi Mwala kufuga.

Miezi mingi baadaye Mkuu aliniita ofisini. Protini ilikuwa imekata. Na walipobadilisha herufi moja tu kati ya zile tatu, kukata kukakoma.

"Mpigie wewe," alisema. "Mimi nilimbishia sana."

Nilipiga. Nilimweleza yote. Nyuma yake ng'ombe walilia. Halafu akaniuliza kuhusu mashine, kana kwamba hakuwepo zilipobebwa.

"Zimenyamaza, Daktari."

"Ndiyo maana umeniita," akasema.

Tulicheka kidogo, na baadaye hakuna aliyetaka kukata simu.

Sasa nimeacha kazi, nafuga kuku hapa Waithaka. Kuna mchana nyumba hunyamaza kabisa, watoto wako shule, redio imezimwa. Hapo mkono wangu huingia mfukoni wenyewe, ukaikunja rozari mpaka shanga zigusane, nami huiangalia simu.