Askari Aliyechelewa Kutoka Nyumbani

Mjomba alirudi kutoka vita vya Burma akaajiriwa kuandika sinema za serikali, zile zilizoonyeshwa vijijini kwa gari. Kisha akaacha kazi, akaanzisha kampuni yake ya vitabu vya hadithi za picha huko Mbeya. Nami, nikiwa nimemaliza chuo kikuu Kampala, nikamsaidia.

Kitabu cha kwanza kilihusu askari anayemfukuza mwizi wa ng'ombe. Karatasi zetu zilitosha kurasa kumi na sita tu, na kufikia ukurasa wa kumi askari alikuwa bado anafunga viatu.

“Mjomba, mwizi yuko wapi?”

“Subiri. Wazungu wa sinema walitufundisha kwamba ukiruka hatua moja, mtu wa kijijini anapotea.”

“Nawe ukaamini? Wewe si mtu wa kijijini?”

“Usiniletee maswali ya chuo, mpwa wangu.”

Tulipozipeleka picha kwa mchapaji Iringa, mkewe alizitazama, akacheka. “Huyu askari anaumwa? Ng'ombe si watakuwa wameshaliwa!”

Mjomba akachukua kalamu. Nikadhani hatimaye ameelewa.

“Mama amesema kweli,” akaniambia. “Hatujaonyesha kwamba ni mzima.”

Akaongeza ukurasa mzima wa askari akinywa uji.