Sikio la Kambini

Nilizaliwa kambini, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, na wazazi wangu walikuwa wametoka kando ya ziwa. Watoto niliocheza nao walikuwa Wakipsigis, na kabla sijajua kusoma nilikuwa nimeshajua kwamba kwao p na b ni ndugu wa tumbo moja. Mtu akisema "papa" anamwita baba yake. Akisema "pipi", huenda ni bibi, huenda ni peremende, utajaza mwenyewe. Nilijivunia sana sikio hilo. Nilipoajiriwa kuwa mshauri wa watoto na vijana katika kituo cha afya karibu na Kiptere, niliwaambia wenzangu kwamba sihitaji mkalimani, na wakaniamini.

Chumba changu kilikuwa zamani stoo ya neti za mbu. Nilikipaka rangi, nikatandika mkeka, nikaweka kalamu za rangi, na kila Alhamisi nikawa napokea watoto. Kazi ilinifaa kwa sababu mimi ni mdaku tangu utotoni. Watu wengine huona haya kuuliza mambo ya ndani ya nyumba za watu. Mimi nina cheti.

Alhamisi moja mwalimu alileta msichana wa miaka tisa, mgeni shuleni kwake, aliyekuwa akiishi na shangazi yake. Asubuhi anaandika vizuri, mwalimu alisema, lakini ikifika alasiri anaanza kutetemeka na kuziba masikio. Shangazi naye aliniambia jambo lililonitia wasiwasi zaidi. Likizo ilipofika, mtoto alikataa kurudi kwao Sigor kumwona baba yake. Alishikilia mlango mpaka wakamwacha.

Nilimuuliza nyumbani kulitokea nini. Alinijibu kwa Kiswahili cha shule, kama watoto wanavyomjibu mtu wa ofisi.

"Papa alikuwa kwa paa," alisema, macho kwenye mkeka. "Akaanguka. Mimi nikatoroka."

Sikio langu likafanya kazi yake. Papa ni baba, basi paa ni baa. Baba alikuwa baa, akaanguka kwa ulevi, mtoto akakimbia. Hata ile alasiri ilieleweka, maana ndiyo saa walevi huanza kuimba njiani. Nikaandika kwenye faili: mzazi mlevi.

Kwa wiki kadhaa nilimfundisha kwamba pombe ni ugonjwa na kwamba mtoto hana lawama mzazi akinywa. Alitikisa kichwa kukubali kila neno. Watoto wa huku hawamkosoi mtu mzima, wanamvumilia tu. Nilimwambia achore kwao. Akachora nyumba na mtu amesimama juu yake. Nikaandika: baba anailemea familia. Alhamisi iliyofuata akachora nyumba ileile, mtu yuleyule, na safari hii akaongeza ngazi. Ngazi sikuiandika, kwa sababu sikujua maana yake. Wazee walisema akili nyingi huondoa maarifa, na mimi siku hizo nilikuwa nazo nyingi mno.

Shangazi nilimuuliza kwa adabu kaka yake anaendeleaje.

"Anapata nafuu, tunaomba Mungu," alinijibu, nami nikamshika mkono kumpa pole. Ulevi ni jambo la aibu, nikajiambia, hataki kulitaja.

Kisha siku moja, akiwa anafunika kalamu, msichana aliniuliza, "Papa akipona, atanisamehe?"

Swali hilo lilininyima usingizi. Mlevi amsamehe mtoto kwa kosa gani? Niliwaza kila namna na hakuna iliyokaa sawa, mpaka nikamwomba shangazi amwite baba mwenyewe aje.

Alikuja kwa magongo mawili. Akaketi, akanyoosha mguu wake wa kulia mbele yake. Nilinusa kimyakimya, nikasikia sabuni. Hata hivyo nikaanza na hotuba yangu ya pombe.

Aliniacha nimalize. "Taktari," alisema, "mimi sijawai onja pombe. Mimi ni mzee wa kanisa."

"Na siku ile ulianguka?"

"Nilianguka kutoka kwa paa."

Nikamuuliza ni baa gani hiyo, iko upande gani wa soko. Akainua gongo moja, akalielekeza kwenye dari.

Sijawahi kuona haya namna ile. Yeye alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanieleza. Alikuwa juu akipigilia mabati, binti yake chini akishika ngazi, mvua ya mawe ikaanza. Mvua yenyewe huja alasiri, nami mzaliwa wa hapa nilikuwa nimeisahau.

"Nilimwambia akimbie," alisema. "Mawe yalikuwa makubwa."

"Alikusikia?"

Akageuka kuutazama mlango. Mvua ya mawe ikipiga bati, mtu hajisikii hata mwenyewe. Ilikuwa wazi kwamba hakuwahi kufikiria hilo.

Msichana alikuwa nje na shangazi yake. Nilipomwita alisimama mlangoni, hakutaka kuvuka kizingiti. Walizungumza Kikipsigis, nami nilikielewa vizuri, safari hii bila kujaza chochote.

"Niliachilia ngazi," alisema.

"Mimi ndiye niliyekuambia uachilie. Nilipiga kelele ukimbie."

"Sikusikia."

"Sasa najua hukusikia."

Nilitaka kusema kitu, nikajizuia, na haikuwa rahisi.

"Ulisema mara ngapi?" msichana akauliza.

"Nilisema mpaka nikaona umeingia ndani," baba yake akasema. "Ndipo nikaanza kuitafuta ngazi kwa mguu."

Msichana akavuka kizingiti. Aliuangalia ule mguu ulionyooshwa, kuanzia kwenye goti hadi kwenye kiatu.

"Bado unauma?"

"Unauma," akasema.

Msichana akaketi kwenye mkeka, karibu na mguu huo.