Salamu Zilizokuwa Zikiliangusha Jukwaa Letu

Siku ile sebuleni kwangu Bariadi tulikuwa watano. Nilikuwapo mimi mwenye nyumba. Alikuwapo binti yangu, mchuuzi wa samaki wa Lamadi, na mfuko wake wa dagaa, maana huyo haji mikono mitupu. Alikuwapo mtoto wake wa kike, yaani mjukuu wangu, na jambo lililotukutanisha lilikuwa lake. Alikuwapo shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, mtunza michango. Wa mwisho kufika alikuwa kijana wangu wa kwanza, mkulima wa pamba wa Dutwa, ambaye kwa mjukuu wangu ni mjomba. Majina yao ninayo yote, na ya watoto wao, na ya ng'ombe waliotolewa mahari. Wenyewe wameomba nisiyaandike, basi nimeyaacha.

Huyo kijana wangu aliegemeza baiskeli ukutani, akasimama mlangoni akasema, "Mwadila, nyote." Tukamwitikia salamu hiyo ya mchana kwa pamoja, mwadila, akaketi.

"Kaka," binti yangu akamwambia, "mimi nimetoka Lamadi kote huko, nawe unanisalimia kwa jumla kama debe la choroko?"

"Mko wengi, na mimi nina kiu."

Tukacheka, akaletewa maji.

Jambo lenyewe lilikuwa jukwaa. Miaka hiyo bado tulikuwa mkoa wa Shinyanga, na soko la pamba lilikuwa limefunguliwa. Zamani tulimjua mnunuzi mmoja na bei moja. Sasa walikuja wengi, kila mmoja na mzani wake na maneno yake, na bei ya Dutwa haikuwa ile ya Mwamanyili. Mjukuu wangu alikuwa amesomea kompyuta Mwanza, akawa anafanya kazi kwenye duka la intaneti hapa mjini. Ndipo akafungua jukwaa, ukurasa wa kwenye intaneti ambako watu wa huku kwetu, popote walipo, wanaandikiana bei za pamba, misiba na ng'ombe waliopotea. Hata mimi wa darasa la nne nilikuwa naenda dukani kwake na miwani yangu, nasoma.

Lakini jukwaa lilikuwa na tabia mbaya. Siku ya kufunguliwa ununuzi wa pamba, siku ambayo watu wanalihitaji kuliko zote, lilianguka. Unafungua, unapata weupe mtupu. Msimu uliofuata likaanguka tena, watu wakaanza kusema ni mchezo wa watoto.

"Likianguka na mwaka huu, nalifunga," mjukuu wangu alituambia. "Sitaki mtu aniamini, atoke kijijini na baiskeli kuja kusoma bei, halafu nimpe ukuta mweupe."

Alisema bila kulia, na hilo ndilo lililoniuma.

Akatueleza. Jukwaa linakaa ndani ya seva, mashine iliyo nchi ya mbali, na sisi tulikuwa tumekodi kipembe tu, tukichangia na watu tusiowajua. Nikaelewa: ni kama ng'ombe wa maboma mengi kwenye birika moja. Wa jirani wakinywa, wako wanasubiri. Yalitakiwa mambo mawili: kukodi seva yetu wenyewe, na kuipunguzia mzigo. La kukodi tulikubaliana upesi. Pamba ilikuwa haijauzwa na mifuko ilikuwa mitupu, lakini choroko zilikuwa zimevunwa, basi kila nyumba itoe choroko. Wa kupita vijijini kuomba ni kijana wangu, kwa kuwa anaaminika.

"Na huo mzigo ni nini?" akauliza.

"Salamu, mjomba."

Kwetu mtu hasemi shida yake kabla hajasalimia. Basi kila aliyeingia kwenye jukwaa alimsalimia kila aliyemkuta, mmoja mmoja, kila mmoja akajibu, wakaulizana mhola, yaani habari, watoto, mvua, mifugo. Bei ya pamba ilikuwa chini kabisa ya hayo yote. Na kila mtu alipofungua, seva ilipaswa kuzibeba salamu zote kwanza ndipo iifikie bei.

"Kwa hiyo unataka kuzifuta."

"Nataka zisiwepo kwenye kurasa za bei."

Kijana wangu akaweka kikombe chini. "Siwezi kumwomba mtu choroko zake halafu nimwambie huko ndani asisalimie. Ataniuliza hilo ni jukwaa la watu au zizi la mbuzi. Kwa hilo, mimi siendi."

"Mke wangu, hapo umepatikana," shemeji akamtania mjukuu.

"Guku, nyamaza," akamjibu babu yake. "Wewe ulisalimia watu mpaka duka likafungwa, na bei hukuuliza."

"Nilikuwa natafuta mke wa kunipikia. Wewe unapika kompyuta."

Tukacheka, lakini kijana wangu hakucheka. Nikaona jambo linaharibika, maana bila yeye choroko hazitoki. Mjukuu wangu akamgeukia kwa adabu.

"Mjomba, ulipoingia humu ulimsalimia nani?"

"Niliwasalimia wote."

"Mara ngapi?"

Binti yangu ndiye aliyewahi. "Mara moja! Kama debe la choroko!"

Kijana wangu akamtazama dada yake, akautazama mlango aliposimama. Kicheko kilimtoka polepole. "Na mliitikia," akasema.

Basi ikawa hivyo. Mlangoni pa jukwaa pakawekwa ukurasa wa salamu. Kila asubuhi mzee mmoja anawasalimia wote, anayeingia anabonyeza kuitikia, kisha anakwenda kwenye bei, na huko hakuna kingine ila bei.

"Nani atasalimia?" shemeji akauliza.

"Mama," kijana wangu akasema, akinionyesha mimi. "Akisalimia yeye, hakuna atakayedai hajasalimiwa."

Choroko zililetwa kwa baiskeli mpaka sebule yangu ikakosa pa kukaa. Wanawake wa Lamadi wakatoa dagaa. Shemeji akauza vyote, na seva ikakodiwa, yetu peke yetu.

Siku ya kufunguliwa ununuzi nilikaa karibu na mjukuu wangu pale dukani. Nilichapa mwenyewe salamu ya asubuhi, kwa kidole kimoja: Mwangaluka, nyote. Wakaanza kuitikia, wa Dutwa, wa Mwamanyili, wa Mwanza, wa Dar es Salaam. Bei zikaanza kuingia. Mjukuu wangu aliikazia macho skrini kama mtu anayechunga maziwa jikoni yasimwagike. Ukurasa ulifunguka, ukafunguka tena. Mchana simu ikalia, kijana wangu kutoka Dutwa.

"Mama, mwambie nimesoma bei kwenye simu ya jirani, nimemkataa mnunuzi wa kwanza, nimeuza kwa wa pili. Mwambie mjomba wake ameitikia."

Nilimwambia. Hapo ndipo alipolia, na mimi nikainua kichwa juu kama mwenye harusi.

Shemeji anabisha kwamba siku ile sebuleni tulikuwa sita, si watano, na binti yangu anasema alileta furu, si dagaa. Mimi nimeandika ninavyokumbuka. Mliokuwapo, na mliotoa choroko nami sikuwataja, njooni mnisahihishe. Mkija wengi, salimieni mara moja, nitaitikia.