Bangili ya Msumarini

Kaka yangu alikuwa mchomeleaji wa vyuma, na kwa kuwa viungo vilimuuma, alivaa bangili ya shaba. Kabla ya kuingiza mkono kwenye tangi lake la samaki na matumbawe aliivua, akagonga nayo kioo, ting, ting, samaki wakakimbilia juu kula, kisha akaitundika kwenye msumari ukutani. Mkewe, yaani wifi yangu, alidhani anaivua ili chumvi isiile. Kaka hakuwa mtu wa kueleza. Ukimuuliza jambo, anakujibu, "Wewe angalia tu."

Alipofariki, bangili ikatoweka msumarini. Sikuuliza. Ya mtu na mumewe, nani ayaingilie? Wifi aliachiwa tangi lililomeza nusu ya sebule, na ndani yake tumbawe la zambarau ambalo kaka alilikuza kutoka kipande kisichozidi ukucha.

"Hili likifa," aliniambia, "atakuwa amekufa mara ya pili."

Mimi ni mtu wa utani, lakini hapo sikucheka.

Basi wifi akawa mtumwa wa maji. Yeye ambaye chumvi aliijua ya mboga tu, sasa alipima chumvi ya tangi hata kabla ya kunywa chai. Akatia kalisi, akatia matone ya madini joto, akatia na vichupa vingine ambavyo hata majina yake hakuyajua. Tumbawe likazidi kujikunja, naye akazidi kutia. Mfa maji haachi kutapatapa.

Kisha ikaanza ile sauti. Tulikuwa wawili tu sebuleni, jioni, taa ya tangi imewaka. Ting. Kimya. Ting, ting.

"Umesikia?"

"Pampu hiyo, wifi."

"Tangu lini pampu ikagonga kama kaka yako?"

Nikaaga mapema, na njia nzima nilikuwa nikigeuka nyuma.

Sauti haikukoma, na tumbawe likaanza kuwa jeupe pembeni. Nikamburuta wifi hadi kwa muuza samaki wa mapambo, tukiwa na chupa ya maji ya tangi na vile vichupa vyake. Mzee yule aliyadondoshea maji dawa, akatazama rangi, akarudia kupima.

"Mama, hivi vyote unavyotia, huwa unapima kwanza?"

"Natia kama alivyotia marehemu."

"Yeye alikuwa mteja wangu, na alikuwa anapima. Usichokipima usikitie. Ila kinachoua si hicho. Maji haya yana shaba, na shaba kidogo tu ni sumu kwa matumbawe. Kuna kitu cha shaba humo ndani?"

Wifi akajiziba mdomo kwa kiganja.

Tukarudi nyumbani mbio. Alikunja mkono wa gauni, akapapasa nyuma ya mawe, akaitoa bangili ikiwa imeota kutu ya kijani.

"Niliizika mchangani siku tuliyomzika," alisema. "Mkono wake ulizoea maji haya. Nilitaka ubaki humo."

Nguvu ya pampu ilikuwa imefukua mchanga, bangili ikawa inayumba na kugonga kioo.

"Wifi, nilikuwa namuua mimi mwenyewe," akasema, akalia kilio ambacho msibani hakukilia. Nilimshika, nikalia naye, maana nilikuwa nimebeba uchungu wangu pia.

Tulibadilisha maji kidogo kidogo, ndoo kwa ndoo, tukaweka na mfuko wa makaa ya kuchujia. Nilishakata tamaa aliponipigia simu asubuhi moja akipiga kelele kama aliyejifungua: tumbawe limefunguka.

Sasa lina afya kuliko sisi wawili. Bangili imerudi msumarini. Lakini kila jioni nikimtembelea, wifi huzima pampu, akasogeza sikio kwenye kioo.

"Washa, wifi, samaki wanataka hewa."

Ananiinulia kidole ninyamaze. Nanyamaza, na mimi nasogeza sikio. Hakuna kitu. Tunasubiri kidogo tena, kisha anawasha.