Mikanda Niliyomwachia Punda

Nisamehe kwa mwandiko na makosa ya herufi. Niliishia darasa la nane na mkono wangu huenda polepole. Lakini hili, mdogo wangu, sitaki kumwachia mtu mwingine akuandikie.

Nakumbuka asubuhi moja hapa Kitengela, nikiwa na miaka kumi na tisa, nauza maji kwa mkokoteni wa punda. Kwa miezi kadhaa moyo wangu ulikuwa mzito na sikujua kwa nini. Chakula hakikuwa na ladha. Nikirudi chumbani kwangu mtaa wa Noonkopir, nilianguka kitandani na viatu, hata punda sikumvua mikanda. Alilala nayo, akaamka nayo. Mara nyingine nilitamani nilale nisiamke.

Asubuhi hiyo nilimpelekea maji nyanya mmoja Mmaasai. Sote tulimwita Koko, yaani nyanya.

"Supa," akanisalimu.

"Ipa," nikajibu, kama mtu mzima wa afya.

Hakugusa mitungi. Aliinua mkanda mgongoni mwa punda. Chini yake palikuwa na kidonda, nzi wamejaa.

"Huyu hajavuliwa siku ngapi?"

"Ni jana tu nilisahau, Koko."

"Jana gani hiyo inatoa usaha?" Akanitazama. "Na vile ulikuwa unampenda, mpaka tunakucheka ati ndiye bibi yako! Punda nimeona pahali anaumwa. Wewe unaumwa wapi?"

Nikasema niko sawa. Nilimdanganya mtu aliyeuliza kwa kutaka kujua, na wa namna hiyo si wengi.

Koko akamfungua punda. "Anabaki hapa. Kila asubuhi utakuja kumwosha."

Kesho yake sikwenda. Nililala nikitazama mabati. Jua likiwa juu, nikasikia hodi. Koko alikuwa ametembea na fimbo yake mpaka kwangu. Akaketi juu ya mtungi karibu nami. Nikalia, nikamwambia yote, hata kule kutamani nisiamke. Nilidhani atanihubiria.

"Vaa viatu," akasema. "Twende zahanati. Naingia na wewe."

Akaingia na mimi. Daktari alisema huzuni ile ni ugonjwa na ina matibabu. Sikupona haraka. Siku nyingine sikutaka kurudi, na Koko akanifuata. Kidonda cha punda kilipona kabla yangu.

Mdogo wangu, usingoje kujua sababu ndipo useme. Mtafute mtu mmoja umwambie, "Siko sawa." Ukiwaza kufa, mwambie leo hii, na usikae peke yako. Asipokusikia, nenda kwa mwingine, nenda hospitali. Na ukiona mwenzako ameacha kutunza alichokipenda, usimwite mvivu. Kaa naye.

Mungu akulinde, akuongezee siku, asikunyime watu. Tafadhali niandikie unaendeleaje, hata mistari miwili, mradi iwe ya kweli.