Mshipa wa moyo wangu umepita njia ya nyuma: yaliyonikuta mwanamichezo wa Michenzani

Mshipa wa moyo wa marehemu mdogo wangu ulipita wapi?

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Nimeanza na swali ambalo jibu lake sina, na sitarajii kulipata. Ninayoyasimulia yamenipata mwenyewe mwaka huu. Majina nimeyabadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Umri wangu umeshavuka arobaini na tano. Chuo nilisomea uhandisi wa majengo, na kazi yangu ni kukagua nyumba za zamani za Mji Mkongwe. Ninaishi na mama yangu, Bi Zuwena, katika nyumba za maendeleo za Michenzani, ghorofa ya pili, upande unaotazama barabara.

Kwa msioijua Unguja: huku kila mtaa una kikundi cha mazoezi. Watu wakishasali alfajiri huvaa fulana za rangi moja, hukimbia taratibu barabarani huku wakiimba, wazee kwa vijana. Mimi nina kikundi changu, na kiongozi wetu ni Kocha Hamidu, mtu wa maneno mengi.

Mama hakuupenda mchezo huo hata siku moja, na ana sababu.

Mdogo wangu Suleiman alianguka uwanjani Jang'ombe akicheza mpira. Kijana mzima, hana homa, hana kikohozi. Hakuinuka tena. Alikufa asubuhi, na kabla ya magharibi tulikuwa tumeshamzika, kama ilivyo desturi yetu. Hakuna aliyefikiria kumpasua ili kujua sababu. Mola kachukua chake, na mpaka leo naamini hivyo.

Lakini kuamini hakumzuii mtu kuwaza.

Sasa, miezi michache iliyopita, tukiwa mbioni, kifua kilinibana. Nikasimama, nimeshika magoti.

"Injinia kachoka!" Kocha Hamidu akapiga kelele. "Mtu wa kiti huyo!"

"Kifua, Kocha."

"Gesi hiyo! Mpeni tangawizi!"

Kikundi kizima kikacheka, nami nikacheka nao. Siku ya pili ikanibana tena. Safari hii sikucheka, kwa sababu nilimwona Suleiman.

Nikenda hospitali. Kipimo cha umeme wa moyo kikatoka salama, na daktari alikuwa karibu kuniruhusu nirudi nyumbani. Nikiwa mlangoni ndipo nikamtajia habari za mdogo wangu. Akaniambia, "Hebu rudi ukae." Mazungumzo yakaanza upya, na mwisho wake nikaandikiwa kwenda Dar es Salaam kupigwa CT scan ya mishipa ya moyo.

Mama alipopata habari alivichukua viatu vyangu vya mbio akavipandisha juu ya kabati, nyuma ya masanduku.

Majibu niliyapokea mbele ya daktari mwanamke, mpole, aliyenigeuzia kioo cha kompyuta nikaona moyo wangu mwenyewe. Alinieleza hivi. Watu wengi wana mishipa miwili inayoulisha moyo, wa kulia na wa kushoto, na yote huchipuka kwenye mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni. Ule wa kushoto hugawanyika matawi mawili. Kwangu mimi tawi moja halikutokea kushoto. Limeanzia kulia, likazunguka nyuma ya mshipa mkubwa, likafika kule kule linakotakiwa.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo nina ugonjwa?"

"Una umbile. Umezaliwa nalo, na damu inapita vizuri. Tunachokiogopa zaidi ni mshipa unaopita katikati ya mishipa mikubwa miwili, maana huko unaweza kubanwa mtu anapokimbia. Wako umepita nyuma. Haubanwi."

"Na maumivu?"

"Asidi inapanda kutoka tumboni. Usiku unakula nini?"

Nikamjibu kwa aibu: urojo, ule mchuzi wetu mchachu, na pilipili ya kutosha.

Wakuu, Kocha Hamidu alipatia! Nilicheka peke yangu kwenye ngazi za hospitali mpaka mlinzi akanitazama. Maisha yangu yote nakagua nyumba za Mji Mkongwe ambazo bomba la maji halipiti pale ramani inaposema, na maji yanafika vile vile. Sikudhani kwamba na mimi ni nyumba ya namna hiyo.

Nilirudi Unguja jioni nikamweleza mama kila kitu, nikimchorea kwa kidole juu ya mkeka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wa Sule ulipita wapi?"

"Sijui, mama."

"Daktari hajui?"

"Hakuna anayejua. Inawezekana haukuwa mshipa kabisa."

Akaupapasa mkeka pale nilipochora.

"Basi. Wako unajulikana." Kisha akauliza, "Kesho unakwenda?"

"Daktari kaniruhusu."

"Nimekuuliza wewe, sikumuuliza daktari."

"Nnakwenda, inshallah."

Nililojifunza ni hili. Kama kwenu kuna kijana aliyeanguka ghafla akafa, mwambieni daktari hata asipouliza. Kifua kikibana, gesi iwe jibu baada ya vipimo, isiwe kabla. Na si kila kilicho tofauti ndani ya mwili ni kibovu. Wenye uzoefu kama huu, na madaktari mliomo humu, karibuni mniongezee au mnikosoe.

Namalizia na asubuhi yake. Nilipotoka kusali, viatu nilivikuta mlangoni, vimefutwa vumbi. Mama alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa.

Nikashuka. Kocha Hamidu akanipokea kwa kelele, "Gesi imetoka?" Tukaanza kukimbia, nikiwa safu ya nyuma, sikio lote liko kifuani.

Tulipofika chini ya nyumba yetu nilitazama juu. Bi Zuwena alikuwa barazani ghorofani, kajifunga kanga, kaushika ukuta kwa mikono miwili.

Nikampungia.

"Nyanyua magoti!" akaniambia kwa sauti, barabara nzima ikasikia. "Unakimbia au unaburura?"

Nikayanyanyua.